Anatema Mboga, Anataka Biskuti: Maswali ya Wazazi Kuhusu Ulaji wa Watoto

Tabia ya kula vizuri inaanza kujengwa lini?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ladha ya vyakula anavyokula mjamzito hufika kwenye maji yanayomzunguka mtoto tumboni, na baadaye hupita kwenye maziwa yake. Mwaka 2001 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo baadhi ya akina mama walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wakati wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, walikunja uso mara chache walipopewa chakula chenye ladha ya karoti kuliko walipopewa kile cha kawaida. Kwa hiyo mama anayekula mboga za kila aina ameshaanza kazi kabla ya kijiko cha kwanza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kufikia umri huo wa miezi 6, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua, na maziwa peke yake hayawezi kuijaza. Ndiyo maana uji mtupu asubuhi, mchana na jioni haumfai: tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa. Anahitaji mayai, samaki, nyama iliyosagwa, maini, maharage au dengu zilizopondwa. Vyakula vya jamii ya kunde vikiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C, kama chungwa, mwili hufyonza chuma kwa wingi zaidi. Chai hufanya kinyume, hivyo isiwe kinywaji cha mtoto wakati wa kula.

Nimempa mboga mara tatu, zote ametema. Si niachane nazo?

Hapana, hapo ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa mapema mno. Binadamu huzaliwa akiwa tayari anapenda utamu na anakwepa uchungu, na mboga nyingi za majani zina uchungu kidogo. Ladha ya namna hiyo hujifunzwa. Tafiti zilizofanywa kwa watoto wadogo zinaonyesha kwamba chakula kipya huenda kikahitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajakikubali. Mara tatu bado sana.

Mtazame vizuri kijiko kinapofika mdomoni. Anakunja uso, ulimi unasukuma chakula nje, kidevu kinachafuka, na aliyeshika kijiko anahitimisha kwamba hapendi. Subiri kidogo. Mara nyingi baada ya sura hiyo ya kutisha mdomo unafunguka tena. Alishangaa tu. Akikataa kabisa, ondoa bila maneno, umletee tena baada ya siku mbili tatu, kiasi cha ncha ya kijiko. Kumfichia mboga ndani ya kitu kitamu si kosa, ila usitegemee njia hiyo peke yake, maana atakuwa amezoea utamu na mboga ataendelea kuikataa.

Alikuwa anakula kila kitu. Sasa ana miaka miwili, anachagua. Tumekosea wapi?

Pengine hamjakosea popote. Katika mwaka wa kwanza mtoto huongezeka uzito hadi karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 hadi 3 tu. Mwili usiokua kwa kasi ile hauombi chakula kingi kama zamani. Zaidi ya hapo, kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huwa na wasiwasi na chakula wasichokifahamu. Weka kipya kidogo pembeni ya kile anachokijua, nawe ule hichohicho mbele yake.

Angalia pia anakunywa nini. Mtoto anayekunywa maziwa ya ng'ombe kutwa nzima hafiki mezani na njaa, na maziwa mengi kupita kiasi yanaweza kuchangia upungufu wa damu. Kwa umri huu, nusu lita hivi kwa siku inatosha.

Nimlazimishe amalize sahani?

Usimlazimishe, hata kama wewe ulilelewa hivyo. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aligawa kazi hii kwa namna ambayo naiona inasaidia sana nyumbani: mzazi ndiye anayeamua kiliwe nini, lini na wapi, mtoto ndiye anayeamua ale kiasi gani, au asile kabisa. Mtoto mwenye afya njema anajua ameshiba. Hugeuza kichwa, hufumba mdomo, huanza kuchezea chakula. Akizoeshwa kupuuza ishara hizo ili kumfurahisha mtu mzima, ataendelea kuzipuuza hata atakapokuwa anajipakulia mwenyewe.

Na ile ahadi ya "maliza mboga nikupe biskuti"? Inafanya kazi leo, inaharibu kesho. Umemwambia kwamba mboga ni adhabu na biskuti ndiyo zawadi. Msifu kwa kuonja, inatosha.

Lakini mgawanyo huo una upande wa pili ambao watu husahau. Akikataa kilichopikwa, usikimbilie jikoni kumpikia kingine. Hakikisha tu mezani pana angalau kitu kimoja anachokiweza, kisha mngojee mlo unaofuata. Mtoto anayekua vizuri hadhuriki kwa kuruka mlo mmoja. Anayedhurika zaidi ni yule anayepewa kitafunio kila baada ya nusu saa kwa sababu "hakula mchana". Milo mitatu na vitafunio viwili kwa saa zinazojulikana vinamfaa mtoto wa umri huu.

Juisi na soda kidogo zina ubaya gani?

Tupige hesabu. WHO inashauri sukari iliyoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Mtoto wa miaka 4 anayehitaji kilokalori 1,200 hivi kwa siku ana kikomo cha gramu 30. Kopo moja la soda ya kawaida lenye mililita 330 hubeba kama gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Amevuka kiwango cha siku kabla hajala chochote. Juisi, hata ya matunda halisi, imepoteza nyuzinyuzi nyingi. Kabla ya mwaka mmoja asipewe, na baada ya hapo tunda zima linabaki kuwa bora. Kiu ikatwe kwa maji.

Kuna vyakula vya hatari?

Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka 1, kwa sababu ya sumu ya bakteria inayoweza kulegeza misuli yake. Karanga nzima na peremende ngumu zinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka 5. Zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne. Karanga zilizosagwa laini ni jambo lingine: utafiti wa London wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuzianza mapema kunapunguza mzio, ingawa mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza.

Sisi wazazi wenyewe hatuli mboga. Tufanyeje?

Anzeni nyinyi. Na zimeni televisheni na simu wakati wa kula, maana mtoto anayekula macho yakiwa kwenye kioo hata hatambui ameshiba.

Nimpeleke kliniki lini?

Mpeleke ikiwa uzito unashuka au haupandi kwenye kadi yake ya ukuaji, anapaliwa au anatapika mara kwa mara anapokula, amepauka na kuchoka, au vyakula anavyokubali vinazidi kupungua hadi amebakiwa na vichache sana. Nenda na kadi, pamoja na orodha ya kila alichokula na kunywa kwa siku tatu, ukiandika hata vile vipande vya biskuti alivyopewa na bibi.