“Fundi, niongezee pampu”: dhana potofu kuhusu difu na matairi makubwa

Land Cruiser mkonga ikiingia gereji imenyanyuliwa springi na kuvalishwa matairi ya inchi 35, najua dereva atasema nini hata kabla hajazima injini. “Fundi, gari limekuwa zito siku hizi. Niongezee pampu kidogo.” Anataka nifungue pampu ya dizeli imwage mafuta mengi zaidi kwenye injini. Hapa Kigoma nimeambiwa hivyo mpaka nimechoka kujibu kwa mdomo, basi leo naandika.

“Gari limekuwa zito, pampu imechoka”

Pampu haijachoka. Gari hilohilo, kabla hujabadili matairi, lilikuwa linapanda Manyovu na madumu ya mawese bila kelele. Injini ni ileile na mzigo ni uleule. Ulichobadilisha ni tairi, halafu unakuja kuilaumu pampu!

Tupige hesabu. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi. La 315/75R16, ambalo mtaani ndilo 35, lina kama 879. Limezidi kwa asilimia 13, maana yake kila likizunguka mara moja gari linasogea mbali zaidi kwa asilimia hiyohiyo, na injini inaisukuma safari ileile kwa mizunguko michache. Difu yako, zile gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu ya injini kwenye matairi, ni ya 4.11: pinioni, gia ndogo ya meno 9, inazunguka mara 4.11 ili krauni, gia kubwa ya meno 37, izunguke mara moja. Kwa tairi jipya sasa inafanya kazi kama difu ya 3.64. Ukiwa gia ya nne kwenye mwendo halisi wa kilomita 80 kwa saa, zamani injini ilizunguka kama mara 2,245 kwa dakika. Sasa inazunguka 1,985. Injini ya 1HZ inafikia mvuto wake mkubwa, Nm 285, kwenye mizunguko 2,200, kwa hiyo umeishusha chini ya pale inapovuta vizuri kisha unaidai ipande mlima. Tena haina tabo ya kuisukumia hewa. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Buhigwe hewa inazidi kuwa nyepesi na injini ya namna hiyo inazidi kupungukiwa.

Sasa nikikuongezea pampu nini kinatokea? Dizeli inakuwa nyingi kuliko hewa, haiungui yote, moshi mweusi unatoka na joto la ndani linapanda. Kwa muda mfupi utanisifu. Baadaye utarudi na hedi imepasuka au pistoni imeungua, na utasema fundi ameua injini. Siongezi pampu kwa ajili ya tairi, hata uniite mjeuri.

Dawa iko kwenye difu, na hesabu yake haihitaji kompyuta: chukua namba ya difu yako, zidisha kwa kipenyo cha tairi jipya, gawanya kwa kipenyo cha la zamani. 4.11 mara 879, gawanya kwa 777, unapata 4.65. Namba hiyo hasa huipati dukani. Jirani zake ni 4.56 (meno 41 kwa 9) na 4.88 (meno 39 kwa 8). Wengi wanakimbilia 4.56 kwa kuwa iko karibu zaidi. Mimi, kwa gari la kubeba mzigo kwenye milima yetu, nafunga 4.88. Ile hesabu inajua kipenyo tu. Haijui kwamba tairi la 35 lenyewe ni zito, wala kwamba gari lililonyanyuliwa linapigana na upepo zaidi. 4.56 mwachie anayetembea tupu kwenye lami. Ila usipande zaidi ya 4.88 kwa tamaa: namba ikikua, pinioni inakuwa ndogo na meno yake yanapungua, na pinioni ndogo ndiyo inayonyofoka meno kwenye tope.

Kabla ya kununua, hakikisha unajua uliyonayo. “Nadhani ni 4.1” sio jibu, maana magari haya yameshapita mikono mingi. Weka kabari matairi ya mbele, gia huru, hendibreki imeachiwa, inua tairi moja tu la nyuma kwa jeki na uweke stendi. Chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti, ule mhimili mrefu unaoingia kwenye difu. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili (miwili, kwa kuwa mwenzake aliye chini hazunguki) huku mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, ni 4.11. Nne na nusu, 4.56. Ikikaribia tano, 4.88. Kama difu yako ina loki, ile ya kulazimisha matairi mawili yazunguke pamoja, iachie kwanza, la sivyo tairi halitazunguka.

“Difu ya namba kubwa ndiyo ya mbio”

Kinyume chake. Namba kubwa ni ya kuvuta, namba ndogo ni ya mbio.

“Badilisha ya nyuma tu, ya mbele siitumii”

Siku utakayokwama utaitumia, ndiyo sababu ulinunua gari la kuvuta tairi zote nne. Ukiingiza 4H, yaani tairi zote nne kwa mwendo wa kawaida, na mbele kuna 4.11, nyuma 4.88, ekseli mbili zinataka kwenda mwendo tofauti huku zimefungwa pamoja. Kwenye utelezi tairi zitaburuzana. Kwenye ardhi kavu kitakatika kitu, na mara nyingi ni kile cha bei kubwa. Kama hela haijatosha difu mbili, subiri. Nusu ya kazi hii siifanyi.

“Mlimani nitaweka 4L”

4L, tairi zote nne kwa gia nzito ya polepole, ni ya tope, mawe na kujinasua. Huwezi kwenda nayo Kasulu juu ya lami kavu.

“Tangu niweke matairi, linakunywa mafuta”

Linakunywa, ndiyo, ila sio kama unavyodhani. Dashibodi ikihesabu kilomita 100, umetembea kama 113, kwa hiyo sehemu ya ulaji huo ni hesabu mbovu. Kosa hilohilo linakuchelewesha kumwaga oili. Tena mshale ukionyesha 50 uko kwenye 56 na zaidi, na trafiki mwenye tochi hataki kusikia habari za matairi. Ukifunga 4.88, 50 ya mshale inakuwa kama 48.

“Nimenyanyua springi, lazima nibadili difu”

Springi haigusi hesabu ya difu. Inachogusa ni pembe ya propela. Gari likitetemeka baada ya kunyanyuliwa, angalia krosi jointi, zile jointi za kwenye ncha za propela.

“Nimepata krauni safi, pinioni tutatafuta”

Hapana. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na hugongwa namba moja. Ukichanganya, difu italia mpaka ife. Hata seti mpya inataka shimu sahihi, yaani vibati vyembamba vya kupangia nafasi za gia, kupakwa rangi kuona meno yanakutana wapi, na uchezeo kati ya meno upimwe kwa geji, kama milimita 0.15 kwa difu hizi. Anayepima kwa kutikisa kwa mkono mnyang’anye spana. Ikishafungwa, safari za kwanza ziwe fupi na bila mzigo, ukisimama difu ipoe, halafu kwenye kilomita 800 mwaga oili yote. Itatoka na unga wa chuma unaong’aa. Huo ni wa kawaida. Ukikuta vipande, lete gari siku hiyohiyo.