Shakespeare Hakumwibia Plautus: Ufafanuzi kwa Vikundi, Walimu Walezi na Wazazi

Tangu kanuni mpya za mashindano ya tamthilia zianze kutumika, kitengo chetu kimekuwa kikipokea malalamiko ya aina moja. Mlalamikaji anadai kwamba kikundi fulani kimepewa alama za juu ilhali hadithi yake ni ya kuibwa. Wengine wamefika mbali zaidi: wanataka tamthilia za Shakespeare ziondolewe kwenye orodha ya kazi zinazoruhusiwa kuandikwa upya kwa kuwa naye, wanasema, aliwaibia Warumi. Hatuna shaka na nia ya wanaoandika hivyo. Wanatetea haki ya mtunzi, nasi ndiyo kazi tuliyopewa. Ila hoja hiyo ya pili haisimami, na tumechoka kuijibu barua kwa barua.

Plautus na Terentius, watunzi wa vichekesho wa Roma wa karne ya 3 na ya 2 K.K., wenyewe walichukua visa vyao kwa Wagiriki. Terentius, ambaye Suetonius anaeleza kuwa alizaliwa Carthage na kuwa mtumwa wa seneta mjini Roma kabla ya kuachwa huru, alishutumiwa wizi akiwa hai. Mwaka 161 K.K. alilijibu shtaka hilo katika utangulizi wa tamthilia yake Eunuchus. Alikiri kwamba mhusika mlaji wa vya bure na askari mwenye majivuno aliwatoa katika tamthilia ya Mgiriki Menander, akakana kujua kwamba Warumi wenzake walikwisha kuwatumia, kisha akaongeza kuwa hakuna lisemwalo leo ambalo halijapata kusemwa. Mnaona, basi, malalamiko haya yana umri gani.

Sasa zama za Mwamko (Renaissance), Ulaya ilipoigeukia upya elimu ya Ugiriki na Roma. Terentius hakupata kupotea, kwani alisomwa kote katika Zama za Kati, lakini Plautus alijulikana kwa tamthilia chache tu hadi mwaka 1429, Nicholas wa Cusa alipoleta Roma kitabu cha kuandikwa kwa mkono chenye tamthilia 12 ambazo wasomi wa Italia hawakuwa nazo. Mitambo ya uchapaji ikafanya yaliyobaki: Terentius alichapwa Strasbourg mwaka 1470, Plautus Venisi mwaka 1472, na Seneca, mtunzi wa tanzia wa Roma, Ferrara mwaka 1484. Huko huko Ferrara, mwaka 1486, mtawala Ercole d'Este aliamuru Menaechmi ya Plautus ichezwe kwa Kiitaliano katika ua wa kasri lake. Tangu hapo maonyesho ya namna hiyo yakawa desturi ya jumba lake, na ndani ya desturi hiyo akakulia mshairi na mtunzi wa tamthilia Ludovico Ariosto.

Tunamtaja Ariosto kwa makusudi. Mwaka 1509 alionyesha I Suppositi, kichekesho cha kijana anayebadilishana nafasi na mtumishi wake ili akae karibu na binti anayempenda. Katika utangulizi aliwaambia watazamaji wazi kuwa amefuata Eunuchus ya Terentius na Captivi ya Plautus. Alitamka chanzo chake mbele ya hadhira, bila fomu na bila kusukumwa na mtu. George Gascoigne akaifasiri tamthilia hiyo kwa Kiingereza, ikachezwa Gray's Inn, jumuiya ya wanasheria mjini London, mwaka 1566, na kutoka hapo Shakespeare akapata kisa cha Bianca na wachumba wake katika The Taming of the Shrew. Hatua zote hizo zinafuatilika, tena bila taabu, kwa sababu hakuna aliyeficha.

Kesi inayoletwa kwetu mara nyingi ni The Comedy of Errors, iliyochezwa Gray's Inn tarehe 28 Desemba 1594. Ndiyo, imejengwa juu ya Menaechmi: pacha waliopoteana, mji ambamo kila mtu anamdhania mmoja kuwa mwenzake. Lakini Plautus ana jozi moja ya pacha. Shakespeare aliongeza ya pili, watumishi wao, na kwenye Amphitruo ya Plautus huyo huyo akatoa tukio la mume kufungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe huku mtu mwingine akila chakula ndani. Mji akauhamishia Efeso, na mwanzoni akamweka baba mzee aliyehukumiwa kifo. Mwanafunzi wa sheria John Manningham, alipotazama Twelfth Night, kichekesho kingine cha Shakespeare, mwezi Februari 1602, aliandika katika shajara yake kwamba inafanana sana na Menaechmi. Hakulalamika. Kwa watu waliojifunzia Kilatini chao katika Terentius wakiwa watoto shuleni, kuutambua mfanano ilikuwa sehemu ya raha ya kutazama.

Upande wa tanzia, mwalimu alikuwa Seneca. Hotuba ndefu zenye methali, mgawanyo wa sehemu tano ambao mshairi wa Roma Horatius aliuagiza: vyote vimo katika Gorboduc, tanzia ya Kiingereza ya mwaka 1562, na tanzia kumi zilizohesabiwa kuwa za Seneca zilichapwa kwa Kiingereza katika kitabu kimoja mwaka 1581. Katika Thyestes ya Seneca mtu analishwa nyama ya wanawe. Katika Titus Andronicus ya Shakespeare ni mama. Tofauti ni kwamba kwa Seneca kuchinjwa kwa wana hao kunasimuliwa na mjumbe, na London damu ikamwagwa jukwaani.

Kuhusu majengo tutasema machache. Kitabu cha Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, ndicho kilichowapa wasanifu wa Mwamko mfano. Teatro Olimpico, ukumbi wa tamthilia wa Vicenza, Italia, aliyoianza msanifu Palladio mwaka 1580 na kumaliziwa na Scamozzi, ina ukuta wa nyuma wa jukwaa wa Kirumi kabisa, ingawa mwaka 1585 ilifunguliwa kwa tamthilia ya Kigiriki, Oidipo. Na tafadhali, msituandikie tena kwamba wachekeshaji wa Italia waliovaa vinyago ni warithi wa moja kwa moja wa wachekeshaji wa Roma. Kati ya makundi hayo mawili kuna pengo la karne nyingi lisilo na ushahidi wa kuliziba.

Basi utaratibu ni huu. Kuchukua kisa cha kale si kosa. Kosa ni kutokitaja. Kila kikundi kinajaza fomu ya tamko la chanzo, nakala tatu, na kuiwasilisha siku 14 kabla ya mchujo: nakala moja hubaki kwetu, ya pili huenda kwa waamuzi, ya tatu hurudi kwa mwalimu mlezi ikiwa na muhuri. Fomu itaje jina la kazi ya asili, mtunzi, mfasiri, mwaka wa toleo lililotumika, na sehemu zilizobadilishwa. Fomu isiyo na saini ya mwalimu mlezi haipokelewi. Ikichelewa, alama tano hukatwa. Chanzo kikifichwa, kikundi huondolewa na hakitashiriki msimu unaofuata. Chanzo kikitajwa kimakosa, tutaomba maelezo kwanza.

Nafasi ya mfasiri ndiyo inayoachwa wazi kuliko zote, na hatuelewi kwa nini. Plautus na Shakespeare hawana hakimiliki iliyo hai. Mfasiri anaweza kuwa nayo. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi ni tafsiri za Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, na sheria ya Tanzania huilinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kikundi kinachotumia mistari yake ya Kiswahili kinahitaji kibali cha wenye haki, na barua ya kibali iambatanishwe. Kikundi kilichofasiri chenyewe kutoka Kiingereza hakihitaji. Kuandika "Shakespeare" peke yake na kupiga mstari chini hakutoshi.

Pingamizi hupokelewa kwa maandishi ndani ya siku saba baada ya matokeo kubandikwa. Pingamizi linalosema tu kwamba kazi "inafanana na tamthilia ya zamani", bila kuitaja tamthilia yenyewe na ukurasa, litarudishwa kwa mwenyewe bila kusomwa na kamati.