Mahakama "kufuta sheria": nini hasa hufutwa?

Vichwa vya habari vinalipenda neno "yafuta". Mahakama yafuta sheria ya ndoa, mahakama yafuta sheria ya fedha. Fungua kitabu cha sheria kesho yake: kifungu utakikuta palepale, kama kilivyochapwa. Kazi ya kuondoa maneno kitabuni ni ya Bunge. Jaji anachofanya ni kutamka kwamba kifungu fulani kimegongana na Katiba, na vikigongana viwili hivyo, Katiba ndiyo yenye nguvu.

Kwa Tanzania mamlaka hayo yanatoka Ibara ya 64(5) ya Katiba ya 1977, na kwa Kenya Ibara ya 2(4) ya Katiba ya 2010. Zote mbili zinasema sheria inayokiuka Katiba ni batili kwa kiasi kile inachokiuka. Marekani, ambako desturi hii ilipata umaarufu, Katiba yao haikusema waziwazi. Ni Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu John Marshall iliyojitwalia uwezo huo mwaka 1803 katika kesi ya Marbury. Huku kwetu hakuna cha kujitwalia, limeandikwa.

Hayo maneno "kwa kiasi" watu huyaruka, na ndiyo yenye uzito. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba aya ya (e) ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliyozuia dhamana kwa makosa yenye shambulio kubwa au silaha ya moto, ilikuwa kinyume cha Katiba. Aya ikaanguka. Sheria nzima ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haikuyumba. Kesho yake polisi walikamata na mahakimu walisikiliza kesi kama jana. Ni sawa na kung'oa jino bovu, kinywa kikabaki.

Tena jaji haamki asubuhi akaamua kukagua sheria. Lazima mtu afungue shauri, na upande wa pili anasimama Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuitetea sheria. Kesi inaanza kwa kuichukulia sheria kuwa halali. Anayepinga ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kasoro. Tanzania, mashauri ya haki za msingi husikilizwa na majaji watatu wa Mahakama Kuu, na marekebisho ya 2020 yalimtaka mwombaji aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoguswa. Kenya mlango umekuwa mpana zaidi: Ibara ya 258 inamruhusu mtu kwenda mahakamani hata kwa maslahi ya umma. Mimi naona tofauti hii moja inaeleza kwa nini Nairobi kesi za aina hii hazipoi.

Kasoro yenyewe inaweza kuwa ndani ya sheria au katika njia iliyopitia. Mfano mzuri ni makato ya nyumba ya Kenya, asilimia 1.5 ya mshahara, yaliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema makato hayo ni kinyume cha Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba yaliwabana walioajiriwa rasmi na kuwaacha wengine bila sababu ya maana. Serikali ikapewa muda mfupi wa kupumua, kisha Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuuongeza. Bunge likatunga sheria mpya, Machi 2024 Rais akaitia saini, makato yakarudi kwa asilimia ileile, safari hii yakiwagusa na wasio na ajira rasmi. Aliyeshangilia Novemba huenda alikosea kuhesabu: mahakama haikusema serikali isikate, ilisema isikate namna ile.

Sheria mama nayo ilikuwa na safari yake. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangaza Sheria yote ya Fedha ya 2023 kuwa batili, hoja kubwa ikiwa ushirikishwaji wa wananchi. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Kwa hiyo ukisikia "yafutwa", uliza kwanza ni mahakama ipi na kama rufaa imebaki.

Tanzania kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama, badala ya kuiangusha sheria papo hapo, kuipa serikali muda irekebishe kasoro. Muda huo ukiendelea, sheria huhesabiwa halali. Ndivyo ilivyokuwa katika shauri la Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja. Mwanasheria Mkuu akakata rufani, akashindwa Oktoba 2019. Mwaka mwingine ukapita baada ya hapo, vifungu bado vilikuwa havijaandikwa upya. Binafsi naiona ibara hii kuwa ya busara pale serikali inapokuwa na haraka ya kutii, na si vinginevyo.

Halafu kuna njia ya kuizunguka hukumu ambayo hakuna jaji anayeipenda: kuibadilisha Katiba yenyewe. Oktoba 1994, mjini Dodoma, Jaji Lugakingira alimkubalia Mchungaji Christopher Mtikila kwamba mtu anaweza kugombea bila chama. Bunge likapitisha marekebisho ya Katiba, haki ya kugombea ikawekwa chini ya sharti la chama. Mtikila akarudi Mahakama Kuu, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na Juni 2013 ikampa haki. Alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu ambao kila mgombea wake alidhaminiwa na chama.