Fikra za "ningali": maana yake, na kwa nini hudhoofika kwenye skizofrenia

Kiswahili kina viambishi maalumu vya jambo ambalo halipo au halikutokea: -nge- na -ngali-. "Ningalitoka mapema, ningaliwahi treni." Msemaji anajua fika kwamba hakuwahi. Amelichukua tukio lililopita, akabadilisha kipande kimoja, kisha akatazama mwisho mwingine ambao ungewezekana. Hizo ndizo fikra za ningali. Zisichanganywe na imani potofu za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au asadiki mambo yasiyo ya kweli: anayesadiki kwamba majirani wanamsikiliza kupitia redio hajiulizi ingekuwaje, maana kwake jambo hilo lipo.

Mwaka 1982 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliwapa watu kisa cha wasafiri wawili waliochelewa ndege kwa sababu ya foleni moja ya magari. Ndege ya kwanza ilikuwa imeondoka nusu saa iliyopita, kwa wakati wake. Ya pili ilichelewa kuruka, na ilikuwa imeondoka dakika 5 tu zilizopita. Nani ataumia zaidi? Asilimia 96 walimtaja wa pili. Wahamishie wasafiri hao stesheni ya treni ya SGR ya Dodoma na jibu litakuwa lilelile. Kukosa kwa karibu huuma kwa sababu akili inaona wepesi wa kubadilisha kilichotokea, na maumivu hayo yana kazi: "ningalitoka saa kumi na moja" huzaa "kesho nitatoka saa kumi na moja".

Kwenye skizofrenia, ugonjwa unaompata takribani mtu 1 kati ya 300 duniani, mnyororo huu hulegea sehemu mbili. Utafiti wa Christine Hooker, Neal Roese na Sohee Park wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wagonjwa walitoa fikra za ningali chache kuliko watu wasio na ugonjwa. Mwaka 2008 Roese, Park na wenzao waligusa sehemu ya pili, ambayo kwetu ndiyo nzito. Kwa watu wasio na ugonjwa, kuwaza "ningali" huharakisha kuunda nia ya kutenda. Kwa wagonjwa, msukumo huo haukuonekana. Haya ni matokeo ya makundi. Mgonjwa mmojammoja anaweza kutofautiana kabisa.

Chukua kijana wa Mvumi, Dodoma, aliyetoka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, akiwa na kadi ya sindano ya flufenazini, ile ya muda mrefu ambayo kwa kawaida hurudiwa kila wiki 2 hadi 4. Mvua zikaanza, nyumba nzima ikahamia shamba la mtama, tarehe ikapita, sauti zikarudi. Mama yake anamwambia, "Mwanangu, ungalikwenda kliniki usingalilazwa tena." Anajibu, "Ndiyo mama." Tarehe nyingine inafika, haendi. Watu husema ni jeuri. Mara nyingi si jeuri: sentensi ya mama imeeleweka, ila daraja la kutoka "ningali" kwenda "nita-" halikubeba mzigo.

Basi daraja lijengwe nje ya kichwa chake. Kwanza aulizwe, bila ukali, kilichomzuia. Huenda ni nauli, huenda haamini kwamba anaumwa, huenda dawa inamsumbua. Haloperidoli, dawa nyingine ya ugonjwa huu, kwa mfano, huweza kukaza misuli au kuifanya miguu isitulie. Hapo mpango wowote utavunjika mpaka mtaalamu aambiwe, kwa kuwa tiba ya madhara hayo ipo. Msipunguze dozi nyumbani. Shingo au taya likijifunga, aende hospitali siku hiyohiyo.

Sababu ikijulikana, geuzeni -ngali- iwe -ki- na -ta-: "Jumatano, ukimaliza kunywa uji, mimi na wewe tutakwenda kituo cha afya." Sentensi hiyo ina siku, ina ishara ya kuanzia, ina tendo moja na mtu wa kuongozana naye. Airudie mwenyewe kwa maneno yake, maana "sawa" peke yake huwa njia ya kumaliza mazungumzo. "Ukipata nafasi" haifai, haina ishara. Matendo matatu kwa mpigo hayafai pia. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile inayoshika mambo machache kwa muda mfupi wakati wa kutenda, nayo hudhoofishwa na ugonjwa huu. Na sauti zikiwa bado kali, acheni mafunzo haya, mpelekeni akatibiwe kwanza.

Lawama zirudiwazo ndizo zinazoharibu zaidi. Mgonjwa mwenye sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa, juu ya skizofrenia anaweza kuzama kwenye "ningali" zisizo na njia ya kutokea, na kumwongezea ni kumzamisha. Akianza kusema ni bora afe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mara moja.

Kwa familia za Dodoma zinazohamia mashambani, hesabu ifanyike mvua hazijaanza: tarehe zote za sindano hadi Aprili ziandikwe kwenye kalenda, kituo kilicho karibu na shamba kiulizwe kama kina dawa hiyo, na kadi ya kliniki isafiri pamoja na mbegu.