Akaunti ya muziki haikai kwenye simu

Jamani hili neno akaunti tunalionea. Hapa Tanga sasa hivi kila mtu ana programu ya muziki, ila ikigoma tu utasikia "akaunti yangu ya kwenye simu imekufa, ya kwenye laptopu ndo inapiga", mwingine anakwambia "nimefuta akaunti nikaiweka upya na bado inasumbua", ukiangalia alichofuta ni programu tu, akaunti iko vilevile haijaguswa hata kidogo, na kama alikuwa analipia kwa kadi basi mwezi ujao hela inakatwa kama kawaida halafu anasema ameibiwa.

Akaunti ni kumbukumbu zako zilizoko kwenye kompyuta za kampuni: email au namba uliyojisajilia, paswedi, pleilisti, nyimbo ulizolaiki, na kama umelipia au hujalipia. Programu ni ile unayoishusha Play Store. Kifaa ni simu, laptopu, TV, spika. Akaunti moja, vifaa vingi. Basi, maana yenyewe ni hiyo.

Tatizo ni kwamba sisi muziki tumeuzoea kwa njia nyingine. Miaka yote umeenda kibandani Ngamiani na memori kadi au flashi, umelipa, jamaa kakujazia taarabu na singeli na bongo fleva, ukitoka pale nyimbo ni zako ziko mfukoni, ukiichomoa kadi ukaiweka simu nyingine nyimbo nazo zimehama. Halafu zikaja Tecno na Infinix na programu ya muziki ya Boomplay ikiwa imo tayari ndani ya simu, kwa hiyo mtu akaona muziki umekuja na simu, ni mali ya simu. Spotify, nayo programu ya muziki, walipofungua Tanzania mwaka 2021 watu wakaingia na mazoea hayohayo.

Sasa ona hizi nyimbo za kushusha, maana hapa ndo watu wanaumia. Wimbo ulioushusha Spotify sio MP3 ya kumrushia mwenzio. Umefungwa, unafunguka ndani ya programu ileile na kwa akaunti yenye malipo, na wanataka simu iguse intaneti angalau mara moja kila siku 30 wajue bado unalipia. Vifaa vya kushushia mwisho 5, kila kimoja nyimbo 10,000, ukishusha kwenye cha sita basi kile ambacho hujakigusa muda mrefu kinaondolewa nyimbo zake. Kwa hiyo kijana aliyekaa huko Kilindi ndani ndani mwezi na nusu hajawasha data, nyimbo zikimgomea hazijaharibika wala simu haina virusi, awashe data tu. Na ukifuta programu ukaiweka tena ujue nyimbo utazishusha upya na bando litaliwa, lakini pleilisti zenyewe utazikuta, kwa sababu hazikuwa kwenye simu.

Kuna hili lingine ambalo ndilo chanzo cha vilio vingi vya "nyimbo zangu zote zimepotea". Mtu kwenye simu aliingia kwa kubonyeza Google, kwenye laptopu kaandika email nyingine ya chuo, kwenye TV ya nyumbani mdogo wake kajisajili kwa namba ya simu. Hizo ni akaunti tatu, yani watu watatu machoni pa kampuni, na malipo yapo kwenye moja tu, sasa huku anapata matangazo kule hapati, anabadilisha simu, anabadilisha laini, anafomati laptopu ya watu, wakati alitakiwa afungue mipangilio kwenye kila kifaa asome email iliyoandikwa pale. Zikitofautiana umeshapata jibu, logauti, ingia na ile yenye malipo.

Na kuhakiwa je, yani mtu kuingia kwenye akaunti yako bila ruhusa? Sikatai, watu wanadukuliwa kweli. Ila ukiwa Raskazone unasikiliza na wimbo ukakata ghafla, ukaona umeandikiwa muziki unapigwa kwenye kifaa kingine, kwanza jiulize paswedi umempa nani. Kwa Spotify malipo ya mtu mmoja yanaruhusu kifaa kimoja kupiga mtandaoni kwa wakati mmoja, kaka yako akibonyeza pleyi kule Pongwe wewe unakatika, na wewe ukibonyeza yeye anakatika, mtashindana hivyo mpaka jioni. Ule mpango wa familia sio kugawana paswedi, ni watu mpaka 6 wanaoishi nyumba moja, mlipaji mmoja, lakini kila mtu na akaunti yake. Ukiona jina la kifaa usichokijua kabisa hapo ndo uchukue hatua, na ni mbili, usifanye moja ukaacha nyingine: badilisha paswedi, halafu ingia kwenye ukurasa wa akaunti kwa brauza ubonyeze kutoka kwenye vifaa vyote. Kifaa kikishaingia huwa kinapewa ruhusa ya kubaki ndani bila kuulizwa paswedi kila mara, ndo maana kubadilisha paswedi peke yake hakutoshi. Spika na mashine za gemu za kwenye TV hazitoki kwa kubonyeza hapo, unaziondoa kwa mkono kwenye orodha yake hukohuko kwenye ukurasa wa akaunti.

Kwa hiyo jamani, ukienda kwa fundi usimwambie akaunti imekufa, maana atakufungulia mpya na kwenye hiyo mpya pleilisti zako hutazikuta. Mwambie "programu haifunguki kwenye simu hii, ila kwenye laptopu naingia vizuri kwa email hii hapa". Ataanza na simu.