Je, wajua kwa nini bustani ya Mbeya hunoga mvua ikishaondoka?

Mwezi uliopita binti mmoja, mpangaji wa nyumba ya pili, alipiga hodi kwangu akiwa na tawi la mnyanya mkononi. Ndiyo kwanza amehamia Uyole akitokea Bagamoyo, na bustani yake ya uwani ilikuwa haijatimiza hata miezi mitatu.

"Shikamoo mama. Naomba uniangalizie hii nyanya. Mvua ipo kila siku, samadi nimeweka, mbona inakufa?"

"Marahaba mwanangu. Hebu lete."

Nililigeuza jani. Upande wa juu lilikuwa na baka la kahawia, na pembezoni mwa baka kijani kimepauka kama kimemwagiwa maji ya moto. Upande wa chini, pale baka linapopakana na sehemu nzima ya jani, palikuwa na utando mweupe mwembamba, mithili ya unga uliopulizwa. Utando huo huonekana vizuri asubuhi, kabla jua halijaukausha. Yeyote aliyelima nyanya huku masika anaujua, na roho humuuma kila anapouona.

Swali la binti yule linastahili jibu refu. Mvua tunayo, udongo tunao, tena mweusi wenye rutuba. Kwa nini basi nyanya hupanda bei sokoni wakati huohuo wa mvua? Kwa kifupi, mwaka wa bustani huku haufuatani na mwaka wa mahindi. Mahindi yanaisubiri mvua ije, mwenye bustani ya nyanya anasubiri iondoke.

Utando ule ni ugonjwa wa baka jani chelewa, ingawa wengi husema tu kwamba nyanya zimeungua. Kimelea chake kinaitwa Phytophthora infestans, na ndicho kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Kinahitaji mambo mawili kwa pamoja: jani lililolowa kwa saa nyingi, na ubaridi wa wastani, kati ya nyuzi 10 na 25 hivi. Sasa tazama Mbeya ya Januari hadi Machi. Mji upo kwenye mwinuko wa mita kama 1,700. Asubuhi ukungu, mchana mawingu, jioni mvua, usiku umande. Jani halikauki, na joto halipandi kiasi cha kukiua kimelea. Kikishaingia, wiki moja inatosha jani lianze kutoa vijimbegu vipya vinavyopeperushwa na upepo hadi shina la jirani.

Ndiyo maana huko Bagamoyo hakuwahi kuuona. Mvua za Pwani hunyesha kwenye joto, na joto kali kimelea hiki hakilistahimili.

Kuna na jambo la pili, ambalo wageni wengi hawalijui: nyanya na kiazi mviringo ni ndugu, na ugonjwa huu huwashika wote wawili. Uporoto, Umalila, Isongole, kote huko ni viazi mlima hadi mlima. Mnyanya wako wa uwani unapokea upepo uliopita juu ya mashamba hayo yote. Ukipanda mnyanya na kiazi kwenye kipande kimoja cha bustani, umeupa ugonjwa nyumba na uwanja.

Mvua ina hila nyingine pia. Hushusha chini rutuba ambayo mizizi mifupi ya mboga haiifikii tena, hasa naitrojeni, na chainizi huanza kuwa ya njano ilhali samadi uliweka juzi. Kwa hiyo masika samadi iwekwe kidogokidogo, mara kwa mara. Tuta liinuliwe kiasi cha kina cha kiganja ili maji yasisimame mizizini.

Sisemi masika bustani ilale. Huo ndio wakati wa mnafu, majani ya maboga, maharage, sukuma wiki, na karoti kwenye matuta yaliyoinuka. Hata Kitulo, nyanda iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, huchanua maua yake wakati huu wa mvua. Maua yale yamezaliwa na baridi na ukungu. Mnyanya asili yake ni Amerika ya Kusini, na unapenda jua na jani kavu. Ukiutaka masika, uezekee paa la nailoni, uusimike kwenye mti, uondoe majani yanayogusa ardhi, na maji umwagie shinani tu. Jani lililougua lifukiwe au lichomwe moto, lisitupwe kwenye mboji.

Mwisho wa Aprili mvua ikianza kuchoka, hapo ndipo kazi inapoanza kwa kweli. Nasia kabichi, spinachi na njegere, na vitunguu vilivyokuwa kitaluni tangu Machi nahamishia tutani mwezi Mei. Vitunguu vinafuata mantiki hiyohiyo: vikue wakati wa ubaridi, vikomae Septemba na Oktoba ardhi ikiwa kavu, maana kitunguu kilichong'olewa kwenye tope huoza kabla hakijamaliza mwezi jikoni. Naziba nafasi kati ya mistari kwa nyasi kavu. Unyevu ulioachwa na masika ni akiba, na ukiuacha wazi upepo wa Juni utauchukua.

Ndugu zetu wa Iringa na Njombe wana ufundi wao wa kutumia akiba hiyo: vinyungu. Mvua ikikata, hushuka mabondeni kwenye ardhi inayobaki na maji, wakalima mboga, maharage na mahindi ya kuchoma hadi karibu na mvua nyingine. Ni maarifa ya kale, na yamelisha kaya nyingi miezi ambayo milimani hakuna kitu. Ila kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji.

Bonde lina hatari nyingine. Juni na Julai anga la usiku huwa jeupe, halina wingu. Wingu ni blanketi: lisipokuwepo, joto la ardhi hupaa lote. Hewa iliyopoa ni nzito, hutiririka polepole kama maji na kutuama mahali pa chini. Ndiyo maana kule Makete, Kitulo na baadhi ya maeneo ya Njombe utakuta mboga za bondeni zimepigwa jalidi, yaani umande ulioganda, majani yana chembe nyeupe asubuhi na yamekuwa meusi mchana, huku za mlimani zimesalimika. Kabichi, sukuma na karoti huvumilia. Maharage, maboga na nyanya havivumilii hata usiku mmoja. Funika kwa nyasi au viroba jioni, na maji mwagia mchana, kwa sababu udongo wenye unyevu hutunza joto la jua kuliko udongo mkavu.

Mjini kwetu baridi hiyo zaidi hupunguza mwendo tu. Chainizi ninayoichuma baada ya wiki 5 mwezi Oktoba, Julai hunisubirisha karibu wiki 8. Mnyanya huchanua lakini maua hudondoka, maana usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 chavua haifanyi kazi sawasawa.

Baridi hiyo ina fadhila yake, hata hivyo. Kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya na majani yake, aliyeonekana nchini mwaka 2014, anahitaji takribani siku 24 kukamilisha uzao mmoja kwenye nyuzi 27. Kwenye nyuzi 14 anahitaji takribani siku 76. Kipupwe kinamfunga miguu. Kwa hiyo nasia nyanya mwishoni mwa Juni kwenye kitalu kilichofunikwa, nahamisha Agosti, zinachanua Septemba usiku ukiwa umepoa kidogo tu, nachuma Oktoba na Novemba. Kantangaze huamka na joto la Septemba, kweli, lakini hukuta miche imeshakomaa, na majani yenye vijia vyake nayatoa kwa mkono kila asubuhi.

Kalenda hii ni ya Mbeya mjini na majirani zake. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na manyunyu hayakatiki hata kipupwe, hivyo paa la nyanya huko ni la mwaka mzima. Ilula, upande wa Iringa, ni chini zaidi na pakavu zaidi, na ndiyo maana panasifika kwa nyanya na vitunguu.

Nilipomaliza kumweleza binti yule, nilimwomba anioneshe tuta lenyewe. Lilikuwa limebanwa kwenye ukuta, upande wa kusini. Hapo nikamwambia jambo ambalo hata wenyeji hulisahau. Tupo kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni jua la mchana huegemea kaskazini. Ukuta wa mita 2 hutupa kivuli cha karibu mita moja na robo upande wa kusini, hata jua likiwa juu kabisa. Desemba ukuta huohuo hutupa kivuli cha nusu mita, tena upande wa pili. Tuta lake lingekaa gizani miezi ileile ambayo mboga inalilia kila mwali wa jua.

Jumamosi iliyopita tulipima pamoja. Tulisubiri hadi saa saba kasorobo, maana Mbeya ipo mbali magharibi na hapo ndipo jua letu hufika juu kabisa. Kivuli kilikuwa kimefika sentimita 85 kutoka ukutani. Tulichomeka kijiti hapo, na kingine sentimita 40 mbele yake, mahali kitakapofika Juni. Akaanza kulima kuanzia kijiti cha pili.