Karma yoga: kazi ya ashramuni maana yake nini?

Anayeomba nafasi ya kujitolea na kusoma yoga kwenye ashramu ya India, yaani makazi ya mafunzo ya kiroho, hukutana na neno karma yoga kabla hata hajaonyeshwa kitanda. Wengi hulielewa harakaharaka kuwa ni kufanya kazi ili upunguziwe ada, na hapo ndipo migongano mingi inapoanzia. Ashramuni kazi si malipo ya somo. Ni somo lenyewe, sawa na kukaa mkekani na kuvuta pumzi.

Mafundisho yanayofuatwa humo yanataja njia nne za yoga: karma, yaani matendo, bhakti, yaani ibada na mapenzi kwa Mungu, jnana, maarifa ya nafsi, na raja, kuitawala akili. Mazoezi ya viungo ambayo wengi wetu tunayaita yoga huwekwa ndani ya hiyo ya mwisho. Msingi wa karma yoga uko katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, aya ya 47: haki yako ni juu ya tendo, si juu ya matunda yake. Na neno ashramu lenyewe lina mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kujitaabisha, kwa hiyo anayekwenda kutafuta mapumziko amekosea mlango.

Kiswahili kina maneno yanayokaribia, ila kila moja linapungukiwa. Msaragambo si karma yoga, maana barabara ikikamilika wote tunaipita. Anayefagia huku akihesabu thawabu naye bado anangoja tunda. Lililo karibu zaidi ni ikhlasi. Ikhlasi inauliza unamfanyia nani. Karma yoga inaongeza swali jingine: ukiondolewa kwenye kazi hii sasa hivi, moyo wako utabaki pale? Ndiyo maana msimamizi wa zamu anaweza kukutoa bustanini siku ile miche inapochomoza, akakupeleka kufua mashuka. Mgeni huona amedharauliwa. Pengine kule kwa mashuka kuna upungufu wa watu tu, lakini somo linabaki lilelile.

Gandhi aliishi hivyo tangu alipoanzisha makazi ya Phoenix karibu na Durban mwaka 1904, na baadaye katika ashramu ya Sabarmati, Ahmedabad. Wakazi walisafisha vyoo wenyewe, katika jamii iliyokuwa imewasukumia kazi hiyo watu wa tabaka la chini kabisa walioitwa wasioguswa. Ukipewa brashi ya choo siku ya kwanza, kumbuka kwamba kazi hiyo ina historia nzito.

Tuchukue siku moja katika ashramu ya Neyyar Dam, katika jimbo la Kerala kusini mwa India, inayofuata mafundisho ya Swami Sivananda, daktari aliyefanya kazi nchini Malaya (Malaysia ya leo) kabla ya kuwa mtawa na kuanzisha shirika la kiroho la Divine Life Society huko Rishikesh, kaskazini mwa India, mwaka 1936. Kengele hulia yapata saa 11:20 alfajiri. Saa 12 ni satsanga, yaani kikao cha kutafakari, kuimba na mafundisho. Saa 2 asubuhi darasa la mazoezi, saa 4 mlo wa kwanza, kisha karma yoga. Saa 8 mchana mhadhara, saa 10 darasa la pili, saa 12 jioni mlo wa pili, saa 2 usiku satsanga tena. Milo ni miwili tu, bila nyama, samaki, mayai, vitunguu wala vitunguu saumu. Pombe na sigara havikubaliwi kabisa.

Mgeni anayelipa hufanya karibu saa moja ya kazi. Mtu wa kujitolea, katika ashramu nyingi, hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hadi 6 kwa siku, na mara nyingi darasa la jioni humpita. Kama unataka hasa kujifunza mikao na pumzi, kaa kwanza wiki mbili kama mgeni wa kulipa, halafu ndipo uombe kujitolea. Usichanganye kujitolea na kozi ya ualimu ya wiki 4: hiyo hujaza siku nzima na haiachi nafasi ya zamu ndefu za kujitolea.

Jikoni ndiko maana ya neno hili inakoonekana kwa macho. Kerala wanakuna nazi kwa chombo ambacho mtu wa Lamu au Tanga atakitambua papo hapo: kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, ndugu wa mbuzi yetu. Kifuu kinazungushwa polepole, na unaacha kabla ya kufikia ganda la kahawia, la sivyo tui linabadilika rangi. Katika ashramu ambako chakula hutolewa kwanza madhabahuni, mpishi haonji. Chumvi anaipima, anajifunza kwa harufu na kwa sauti ya mafuta, na ladha anaijua pamoja na wenzake wote, wakiwa wameketi sakafuni wanakula kwa mkono wa kulia.

Kwa Mwislamu au Mkristo, satsanga ina nyimbo za kutaja miungu ya Kihindu, na mahali pengi kuhudhuria ni lazima. Uliza mapema kama unaruhusiwa kukaa kimya.

Nyaraka nazo zina mipaka yake. Viza ya kielektroniki ya utalii ya India inaruhusu programu fupi ya yoga, na pia kazi ya kujitolea isiyozidi mwezi mmoja, isiyo na malipo wala fidia ya aina yoyote. Zaidi ya hapo inahitajika viza nyingine. Ashramu inatakiwa kuripoti mgeni kwa serikali ndani ya saa 24. Kwa hiyo wape nakala ya pasipoti, yenyewe ibaki kwako. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Ukikaa sakafuni kwa muda mrefu, magoti huumia kabla ya mgongo. Kunja blanketi mara nne, kalia ukingo wake ili nyonga ziwe juu ya magoti, na badilisha mguu wa mbele kila kikao.

Baya kuliko yote ni dhana ya karma yoga kugeuzwa fimbo. Saa 5 za kazi kwa siku zinakuwa 9, siku ya mapumziko inapotea, na ukilalamika unaambiwa nafsi yako bado ina majivuno. Mwaka 2014 Tume ya Kifalme ya uchunguzi ya Australia ilisikiliza ushahidi wa watu waliodhalilishwa kingono utotoni katika ashramu moja ya New South Wales, mahali ambapo utii kwa guru, yaani mwalimu wa kiroho, haukuhojiwa. Gita inamtaka mtu aachilie matunda ya kazi yake mwenyewe. Haimpi mtu mwingine ruhusa ya kuyachukua. Kabla ya kusafiri, omba kwa maandishi saa za kazi, siku ya mapumziko, na jina la mtu wa kupokea malalamiko asiyekuwa guru. Nauli ya kurudi iwe mikononi mwako.